"Bado Kuna Nafasi": Gari, Mzigo na Maneno Tunayopungukiwa

Wakati wa likizo baba yangu mdogo aliniita kwake, hapa Kalemie, nimwandikie oda ya kumpelekea fundi wa kuunga vyuma. Ana pikapu moja. Alitaka ijengewe sanduku la bati nyuma, apeleke ndagala kavu Nyunzu, arudi na mahindi, tena alale humo humo gari ikikwama matopeni. Akasema, "Mwanangu, andika: sanduku kubwa, bati nene. Gari hii ni ya tani moja."

Kalamu ikasimama kwenye neno la mwisho. Tani moja ya nini?

Vitabu vya magari vya Kifaransa vina majina matatu: poids à vide, PTAC na charge utile. Sisi mtaani tuna "tani" tu. Katika makala haya nitasema uzito mtupu (gari peke yake), uzito wa mwisho (gari na kila kilichomo, kikomo alichoweka mtengenezaji) na uzito wa kubeba, yaani tofauti ya hizo mbili. Huko Marekani wako watu wanaopandisha chumba kizima cha kulala juu ya pikapu kwa ajili ya matembezi; nao hawakwepi hesabu hiyo hiyo.

Tukasoma kibao cha gari na kitabu chake. Uzito wa mwisho kilo 2,900. Uzito mtupu kilo 1,850. Basi uzito wa kubeba ni kilo 1,050. Baba mdogo akacheka: "Si nilikuambia? Tani moja!" Nikamwomba tuendelee kidogo.

Sanduku alilolitaka lilikuwa na urefu wa mita 2.3, upana 1.7 na kimo 1.6. Ukijumlisha pande zote, sakafu na paa, ni karibu mita za mraba 20.6. Bati la chuma la milimita 2 lina kilo 15.7 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo bati peke yake ni kilo 324. Nguzo, mlango na mbao za kitanda tulizikadiria kilo 116. Sanduku likiwa tupu limekwisha kula kilo 440, na zimebaki 610. Watu watatu, kilo 210. Gurudumu la akiba la pili na vyombo vya kazi, 50. Maji lita 20 ni kilo 20, na mazuti lita 40 ni kama kilo 34. Mwishoni tukabaki na kilo 300 hivi, yaani magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia. Yeye alikuwa amepanga kumi. Hakucheka tena.

Hapo nikaelewa neno linalovunja magari yetu. Si "tani", ni "nafasi". Mpakiaji akichungulia ndani husema, "Bado kuna nafasi." Anapima kwa macho, na macho yanaona ukubwa, hayaoni uzito. Ndagala kavu ni nyepesi na zinachukua nafasi kubwa: kwa uzito ule ule zinajaza sanduku kuliko mahindi. Mahindi ni kinyume chake: springi zitakuwa zimelemewa, na sanduku linaonekana kama nusu tupu.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka mzigo. Fundi alishauri sanduku litokeze nje kwa nyuma. Lakini gari ni kama mizani, na magurudumu ya nyuma ndiyo egemeo lake. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma pana kama mita 3. Ukiweka kilo 100 mita moja nyuma ya egemeo, magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 33, na ya nyuma yanaongezewa 133. Mbele kukiwa kwepesi, usukani hautii vizuri, hasa kwenye utelezi. Kwa hiyo vizito vikae chini, karibu na kabini. Vyepesi viende juu na nyuma. Mzigo mzito ukiwekwa juu, gari huinama vibaya barabara inapolala upande.

Je, kuongeza chuma kimoja kwenye springi hakutoshi? Gari itasimama wima, ndiyo, lakini breki, ekseli na matairi ni yale yale. Tairi lenye namba 112 ubavuni linabeba kilo 1,120, si zaidi, na springi mpya haiwezi kubadili namba hiyo.

Tukaandika oda upya. Bati la milimita 1 badala ya 2. Sakafu tukaiacha, kwa kuwa pikapu ina sakafu yake. Hakuna kutokeza nyuma. Bati likashuka hadi kilo 131 hivi, na nafuu ikawa zaidi ya kilo 190. Sasa anaweza kubeba magunia manne na kubakiza kidogo kwa ajili ya mashimo ya barabarani.

Manne si kumi, na baba mdogo alinyamaza muda mrefu, akihesabu faida kwa vidole. Kisha akaniambia niongeze mstari mmoja, uandikwe kwa rangi ndani ya mlango, mpakiaji auone: "Mahindi: magunia 4. Hata kama kuna nafasi."