Ruzizi au Rusizi: herufi moja ya mto

Uvira, upande wa Kongo, huandika Ruzizi. Ukishavuka mpaka wa Kavimvira kuelekea Gatumba, Warundi huandika Rusizi, na Rwanda ina wilaya yenye jina hilohilo. Maji ni yaleyale: yanatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, yanateremka takriban mita 700 katika mwendo wa kilomita zipatazo 117, kisha yanamwagika Ziwa Tanganyika.

Ramani za Wajerumani zilikuwa na Russissi. Kuirudia s hiyo kulikuwa na maana: katika Kijerumani, s moja ikikaa kati ya irabu husomwa z, hivyo mchoraji aliilinda sauti kwa kuandika s mbili. Kifaransa nacho kina kanuni hiyo. Mbelgiji aliyeisoma Rusizi kwa Kifaransa aliitamka Ruzizi. Je, z ya Kongo ilizaliwa kwenye kalamu yake, au Wavira na Wafuliiru, wenyeji wa upande huo, walikuwa nayo vinywani tangu kale?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa herufi hiyo moja inaweza kubadilisha maana ya jina. Hans Krahe, mwanaisimu Mjerumani aliyetumia miaka mingi kuchunguza mito ya Ulaya, alishikilia kwamba majina ya mito hudumu hata lugha za kandokando zikibadilika, na kwamba mengi ya kale kabisa husema tu "maji" au "mtiririko". Rhein ni jina la aina hiyo. Krahe alitenga mzizi wa jina na mkia wake. Katika lugha za Kibantu kinachokatwa ni kichwa: ru- ya Rufiji, Ruvuma na Ruvubu, ambayo ndiyo lu- ya Lualaba, Lukuga na Luberizi. Kichwa cha Ruzizi hakina utata.

Utata uko kwenye kiwiliwili. Kwa Kirundi, maji ni *amazi* na mto ni *uruzi*. Mzizi ni -zi. Ikiwa z zote mbili ni za asili, Ruzizi yaweza kuwa -zi iliyorudiwa, maji juu ya maji. Ikiwa ya kwanza ni s, maelezo hayo matamu yanaanguka, na -sizi inabaki kutafutiwa ukoo.

Ushahidi unaelemea s. Kirundi na Kinyarwanda hutenganisha s na z waziwazi, na wasemaji wa lugha hizo husema Rusizi. Tena Burton, mpelelezi Mwingereza aliyefika Uvira na mwenzake Speke Aprili 1858, kabla ya Mbelgiji yeyote kutawala huko, aliandika Rusizi: s kwanza, z baadaye, zote mbili ndani ya neno moja.