Kumfundisha Muuguzi Kuuliza Habari za Ulevi: Mambo ya Kuzingatia katika Mikoa ya Iringa na Mbeya

Katika kila jalada la mgonjwa aliyelazwa kuna mahali panapouliza kama mgonjwa hutumia pombe, sigara au dawa za kulevya. Ni mstari mfupi, na mwanafunzi wa uuguzi huujaza upesi kuliko mistari mingine. Neno liandikwalo hapo mara nyingi ni moja tu: "Hatumii." Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini neno hilo lisiaminiwe haraka katika Nyanda za Juu Kusini, na jinsi mkufunzi awezavyo kumwandaa mwanafunzi wake apate jibu litakalomfaa mgonjwa. Jambo hili linawahusu walimu wa kila somo, kwa sababu kabla halijawa tatizo la tiba ni tatizo la namna ya kuuliza swali, na kuuliza swali ndiyo kazi yetu.

Hebu kwanza tutazame gharama ya jibu lisilo la kweli. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka mingi, akivunjika mguu na kulazwa, hukatizwa pombe kwa ghafla. Kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio na usingizi humruka. Wengine hushikwa na kifafa ambacho hawajapata kuwa nacho maishani. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwapo. Hali hiyo huweza kuua. Dawa zake zinajulikana wala si ngeni: diazepamu, vitamini B1, maji ya kutosha, na mtu wa kumwangalia mgonjwa kwa karibu. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku akisoma jaladani "Hatumii", atadhani malaria imepanda kichwani. Ndugu nao watanong'ona kwamba mtu wao amerogwa. Mgonjwa atafungwa kitandani kwa shuka, na saa ambazo angetibiwa zitapita.

Hali kadhalika mgonjwa wa kifua kikuu. Isoniazidi, ambayo ni mojawapo ya dawa anazozimeza kwa miezi mingi, huweza kuliumiza ini. Na pombe nayo hulishambulia ini hilo hilo. Ama kwa upande wa UKIMWI, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima, asilimia 12.7 mkoani Njombe wanaishi na virusi, Iringa asilimia 11.1, na Mbeya asilimia 9.6, ilhali kwa taifa zima ni asilimia 4.4. (Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012.) Dawa za kufubaza virusi zinataka kumezwa kila siku, na anayelewa kila jioni husahau. Zaidi ya hayo, utafiti ulioanza mkoani Mbeya mwaka 2000 miongoni mwa wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa ulikuta kwamba asilimia 68 kati yao walikuwa na virusi. Basi kilabu cha pombe katika mikoa hii ni mahali pa kazi na pa starehe, tena ni mahali ambapo afya ya watu wengi huamuliwa. Mwanafunzi asiyeweza kuuliza habari za kilabu hawezi kumhudumia vema anayetoka huko.

Ugumu wa kwanza umo katika neno lenyewe "pombe". Mzee wa Kilolo au Mufindi akiulizwa, "Je, unakunywa pombe?" huweza kujibu kwa moyo mweupe kwamba hanywi, kumbe kila siku ya masika hunywa ulanzi. Hasemi uongo. Kwake yeye ulanzi ni utomvu wa mwanzi uliogemwa shambani mwake: ncha ya chipukizi changa hukatwa, chombo hufungwa hapo, na mgemaji hupita kila siku kukinga na kuchonga upya. Ukiwa mbichi huitwa mtogwa, nao ni mtamu hata watoto huonjeshwa. Ukiisha kuchachuka na kukolea huitwa mkangafu, na huo huangusha watu wazima. Kati ya mtogwa na mkangafu hakuna mpaka uliochorwa. Ni suala la saa tu. Kwa hiyo mtu yule yule, kwa kikombe kile kile, asubuhi amekunywa kiburudisho na jioni amekunywa kileo. Mwanafunzi asipolijua hilo hataelewa hata jibu la kweli akilipata.

Pia ulanzi una msimu wake, nao ni wa mvua. Mgonjwa akiulizwa mwezi wa Agosti kama hunywa, atajibu kwa habari ya Agosti. Maswali mengi yaliyotungwa katika nchi ambako bia hupatikana dukani mwaka mzima hayaulizi majira, na mkufunzi anapaswa kuliongeza swali hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Huko Rungwe na Kyela mambo ni mengine. Kimpumu, pombe ya nafaka inayonyweka kwa kutiwa maji ya moto, hunywewa na watu kadhaa kutoka chombo kimoja kwa mirija. Sasa mwulize mmoja wao amekunywa bilauri ngapi! Mrija hauna alama za kupimia. Komoni nayo, iuzwayo vilabuni Iringa na Mbeya, hupokezanwa mezani. Juu ya hayo kuna gongo, ambayo ni haramu kisheria, na kwa ajili hiyo haitajwi hospitalini isipokuwa kwa mtu anayeaminiwa. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi, 2017. Lakini aliyeanza ulevi kwa viroba bado yuko, na kinywaji alichohamia ndicho tunachotakiwa kukijua.

Hapa ndipo linapoingia suala la vipimo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 orodha ya maswali 10 ijulikanayo kwa jina la AUDIT, baada ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo. Maswali 3 ya kwanza huuliza kiasi cha kunywa, 3 yanayofuata huuliza dalili za utegemezi, na 4 ya mwisho huuliza madhara. Jumla ya alama ni 40, na anayepata 8 au zaidi huhesabiwa kuwa yumo hatarini. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuyafanyia majaribio maswali hayo kwa Kiswahili cha Tanzania, miongoni mwa wagonjwa walioumia kichwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Hiyo ni hatua kubwa kwetu. Lakini tafsiri njema ya maneno haitoshi, maana swali la pili bado huuliza idadi ya vinywaji, na kipimo kimoja cha kawaida huchukuliwa kuwa gramu 10 za alkoholi. Nani kilabuni anayekunywa kwa gramu?

Napendekeza kwamba somo hili lianze kwa hesabu, nayo ifanywe ubaoni. Mkufunzi alete darasani vyombo vitupu vya mahali pale: chupa ya bia, kopo, jagi la lita moja, ndoo ndogo. Wanafunzi wajaze maji na kupima wenyewe ujazo wake. Kisha wafundishwe kanuni: ujazo kwa mililita, mara asilimia ya alkoholi, gawanya kwa 100, mara 0.79, ambao ndio uzito wa mililita moja ya alkoholi kwa gramu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 hutoa karibu gramu 20, yaani vipimo 2. Tukichukulia kwamba ulanzi uliochachuka umefikia asilimia hiyo hiyo 5, lita moja itatoa karibu gramu 40, yaani vipimo 4. Mililita 100 za kinywaji kikali cha asilimia 40 hutoa takriban gramu 32, zaidi ya vipimo 3, na hicho ni kiasi kinachoingia katika kikombe kidogo cha kahawa. Darasa lililofanya hesabu hii kwa mikono yake halitaisahau, na litaona mara moja kwamba "lita mbili tu" si jambo la "tu".

Baada ya hesabu ndipo darasa litunge maswali. Nasisitiza neno litunge. Mkufunzi asiwape maswali yaliyokwisha andaliwa, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wamekulia katika vijiji hivyo hivyo na wanajua mambo ambayo yeye hayajui. Wagawanywe katika vikundi kwa kufuata sehemu watokazo, na kila kikundi kieleze watu wa kwao hunywa nini, kwa chombo gani, msimu gani, na nani. Njia hii si mpya nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vikundi hivyo vilichimba vyoo kwa sababu vilikuwa vimezungumza kwanza. Katika vikundi vya darasani maswali kama haya hujitokeza: "Mlikuwa wangapi kwenye chombo kile?" "Mlikaa tangu saa ngapi mpaka saa ngapi?" "Ulanzi huo uligemwa asubuhi ile au ulilala?" "Mlitoa fedha kiasi gani?" Kwa majibu ya maswali manne ya namna hiyo, mwanafunzi aweza kukadiria gramu bila ya kumtajia mgonjwa gramu.

Linafuata jambo la adabu, ambalo vitabu vya kigeni hupita juu yake. Muuguzi mwanafunzi ana miaka 20. Mgonjwa ana umri wa babu yake. Kumwuliza mzee kama amelewa ni kama kumtukana. Lakini binti huyo akianza kwa shikamoo, au kwa "kamwene" kama yuko Iringa, akamwita baba, akaketi badala ya kusimama juu ya kitanda, akauliza kwanza habari za mguu, za usingizi na za shamba, swali la ulanzi laweza kuja kama sehemu ya mazungumzo ya shamba. Tena alianze kwa kuondoa aibu: "Baba, msimu huu ulanzi umetoka vizuri huko kwenu?" Hilo si swali la mtego, maana anayeulizwa ana uhuru wa kueleza. Inafaa pia ndugu waliokuja kumtazama waombwe kutoka kidogo. Katika wilaya ambazo Wamoravian na Walutheri wamehubiri tangu mwaka 1891, wapo washarika ambao hawatakiri kunywa mbele ya mzee wa kanisa aliyeleta uji.

Ustadi huu huzoezwa kwa igizo. Mwanafunzi mmoja awe mgonjwa, mwingine muuguzi, wa tatu aandike kila swali lililoulizwa. Mwishoni wahesabu: ni maswali mangapi yaliyojibiwa kwa ndiyo au hapana, na ni mara ngapi muuguzi alianza kuonya kabla ya kusikiliza. Mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller alieleza mwaka 1983 kwamba mlevi anayebishiwa hujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kushikilia ulevi wake. Anayesikilizwa huanza kuzitaja mwenyewe sababu za kuacha. Kwa msingi kama huo, huko Moshi wauguzi wamefunzwa kuzungumza kwa muda mfupi na majeruhi wanywaji, katika mpango uitwao Punguza Pombe kwa Afya Yako. Wakufunzi tukumbuke hapo kwamba kazi hiyo wamekabidhiwa wauguzi, sio madaktari bingwa.

Kwa upande wa heroini, Mbeya imo katika njia kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, na mwaka 2017 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, miaka 6 baada ya ile ya kwanza ya Muhimbili. Mgonjwa hufika kila siku na kunywa dawa mbele ya mtoa huduma. Kwa hiyo wanafunzi wanaopelekwa huko kwa mazoezi hukutana na watu wale wale siku baada ya siku, jambo lisilo la kawaida katika wodi. Kabla ya kuwapeleka, mkufunzi azungumze nao juu ya neno "teja". Neno hili limetokana na "mteja", neno la heshima la mtu anayehudumiwa, likakatwa kichwa likawa tusi. Aliyesikia tusi hilo mlangoni hatarudi kesho yake, na methadoni iliyokatizwa humrudisha mtu kwenye arosto na kwenye sindano.

Limebaki suala la mtihani. Maadamu mtihani unauliza "Taja madhara matano ya pombe", wanafunzi watakariri madhara matano, na jaladani wataendelea kuandika "Hatumii". Katika mtihani wa vitendo napendekeza alama zigawanywe hivi: kati ya alama 20, ziwe 6 kwa jinsi mwanafunzi alivyomkaribia mgonjwa na kumlindia siri, 8 kwa maswali yaliyomwezesha kukadiria kiasi, 4 kwa kuandika jaladani kinywaji, chombo, msimu na saa ya mara ya mwisho kunywa, na 2 kwa kumwarifu muuguzi wa zamu ifuatayo. Anayeandika "Hatumii" bila ya kuonyesha aliuliza nini apewe sifuri katika hizo 4, hata kama mgonjwa kweli hanywi.