Mkono Mmoja, Kazi Mbili: Madhara ya Kompyuta kwa Mtumishi Anayelima

Katika nyanda za juu za Karatu, mtu anayeamka usiku wa manane mkono ukiwa umekufa ganzi huwa na jibu la haraka: ni baridi. Miezi ya Juni na Julai jibu hilo huaminika kwa urahisi, kwa kuwa baridi ipo kweli, na mkono ukisuguliwa na kufunikwa hupata nafuu. Lakini mkono huohuo ukiamka na ganzi mwezi wa Februari, baridi haiwezi kuendelea kubeba lawama. Makala haya yanaieleza sababu nyingine, ambayo katika vijiji kama vya kata ya Kansay ni rahisi kuisahau kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa maofisi ya mjini: madhara ya kurudiarudia tendo lilelile, hasa mbele ya kompyuta.

Kompyuta imekwisha kufika vijijini, na mlango wake mmojawapo ni zahanati. Tuifuate kwa fikra siku moja ya muuguzi wa zahanati ya kijijini. Alfajiri anakamua ng'ombe. Mchana anaandika katika vitabu vya MTUHA, namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, kisha anaingiza taarifa zilezile katika mfumo wa GoTHoMIS au katika madai ya bima. Katikati ya hayo anajibu ujumbe wa simu kwa kidole gumba. Jioni, kama ni msimu wa palizi, anashika jembe katika shamba la mahindi na mbaazi mpaka giza linapoingia. Sisi humwita mtumishi saa nane mchana na mkulima saa kumi na moja jioni. Mkono wake haujui tofauti hiyo.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mkono. Misuli mingi inayokunja na kunyoosha vidole haikai kwenye vidole, bali kwenye kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita katika kifundo cha mkono ndani ya ala zenye utelezi. Kubonyeza herufi moja ni mvuto mdogo usioweza kumdhuru mtu. Kinachodhuru ni maelfu ya mivuto midogo isiyoachiana nafasi, huku mabega yameinuliwa, shingo imeinama na kifundo kimekunjika kwa saa nzima. Misuli iliyokazwa bila kulegezwa hupata damu pungufu. Kano zinazosuguana bila pumziko huuma na wakati mwingine huvimba. Katika kifundo kuna njia nyembamba ambayo chini na ubavuni ni mifupa na juu yake ni utepe mgumu. Humo hupita kano tisa pamoja na neva ya kati, yaani mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia hiyo haitanuki. Vilivyomo vikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa juu au chini kwa muda mrefu, shinikizo hupanda na neva ndiyo inayobanwa. Kwa kuwa wengi wetu hulala vifundo vikiwa vimekunjwa, ganzi hiyo huja usiku, na mgonjwa huamka akiukung'uta mkono kama anayekung'uta maji.

Maradhi haya ni ya kale kuliko umeme. Tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia, aliyechapisha kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700 na kukiongeza mwaka 1713, aliandika kuhusu makarani wa zama zake na kutaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa muda wote, kuusogeza mkono daima kwa mwendo uleule, na akili kubanwa na hofu ya kukosea. Alisimulia juu ya karani mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulichoka, ukauma, hatimaye ukapooza. Karani yule akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na haukupita muda mrefu nao ukapatwa na maradhi yaleyale. Kila nimwonapo mtumishi aliyehamishia kipanya mkono wa kushoto na kudhani amepona, humkumbuka karani huyo.

Hata hivyo, si haki kuitwisha kompyuta kila maumivu. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazikubaliani kama kuandika kwa kibodi peke yake kunasababisha kubanwa kwa neva ya kati. Zinakubaliana zaidi juu ya kazi zinazounganisha marudio na nguvu: kushika kwa kukaza, kukamua, kukata, kutumia vyombo vinavyotetemesha mkono. Kompyuta na kipanya huhusishwa zaidi na maumivu ya shingo, mabega na kigasha. Kwa karani wa jijini tofauti hii huenda ikawa ya kitaalamu tu. Kwa muuguzi wetu ndiyo kiini cha jambo: jembe na chuchu za ng'ombe hutoa nguvu, kibodi hunyang'anya pumziko. Kuulizwa "unatumia kompyuta saa ngapi?" hakutoshi, na kuulizwa "unalima?" hakutoshi. Mhudumu amwombe mgonjwa aisimulie siku yake yote, tangu kuamka hadi kulala, na ahesabu ni saa ngapi mkono ulikaa bila kufanya lolote. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hushtuka akisikia jibu lake.

Vidole vinavyokufa ganzi hueleza mengi. Ganzi ya kidole gumba hadi nusu ya kidole cha pete, inayozidi usiku, huelekeza kwenye neva ya kati. Jaribio dogo husaidia: mgonjwa aikunje mikono yake kwenye vifundo, migongo ya viganja ikigusana, akae hivyo sekunde 60; ganzi ikirudi katika vidole hivyo, shaka huongezeka, ingawa jaribio hili peke yake halithibitishi. Maumivu ya upande wa kidole gumba, yanayochoma mtu anapomnyanyua mtoto au anapokamua nguo, mara nyingi ni ya ala za kano za kidole hicho, hali iliyoelezwa na mpasuaji Fritz de Quervain wa Uswisi mwaka 1895. Siku hizi simu za kugusa huichochea. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete hutokana na neva inayopita nyuma ya kiwiko, ile inayoshtua tukijigonga.

Kwa hiyo ya mwisho mhudumu asiharakishe kumlaumu mezani. Neva hiyohiyo hushambuliwa na ukoma, ambao bado upo nchini. Aishike neva nyuma ya kiwiko aone kama imenenepa, na atazame ngozi kama kuna baka lisilohisi mguso. Ganzi ikiwa kwenye nyayo pia, afikirie kisukari, au dawa ya isoniazidi kwa mgonjwa wa kifua kikuu asiyepewa piridoksini. Viungo vya mikono yote miwili vikikakamaa kila asubuhi kwa saa moja au zaidi, afikirie baridi yabisi, ambayo licha ya jina lake haisababishwi na hali ya hewa. Mama mjamzito hupatwa na ganzi ya neva ya kati kwa sababu ya maji yanayojaa mwilini, na wengi hupona baada ya kujifungua. Anastahili kuelezwa hivyo mapema ili asiishi kwa hofu.

Tiba ya mwanzo haihitaji hospitali kubwa. Kwa ganzi ya usiku, mkono ufungwe banzi linalokiweka kifundo sawa, bila kukunjwa juu wala chini, wakati wa kulala, kwa majuma sita hivi. Likikosekana la dukani, kipande chepesi cha ubao au plastiki ngumu kilichozungushiwa kitambaa kinafaa, mradi kisibane vidole vikabadilika rangi. Mchana, kazi inayoamsha maumivu ipunguzwe, lakini mkono usitundikwe kabisa: mkono usiotumika hudhoofu na kukakamaa, kisha hata kazi ndogo huuma. Vidonge vya diklofenaki hutuliza siku chache. Vikimezwa miezi kadhaa huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu, huku chanzo kikiendelea mezani na shambani. Kuhusu kuchua, kupapasa taratibu misuli ya kigasha ni jambo jema. Kukikandamiza kwa nguvu kifundo ambacho tayari neva yake imebanwa, sikushauri.

Zipo dalili zisizongoja. Ganzi isiyotoka mchana wala usiku, vitu kuponyoka mkononi, au nyama iliyo kwenye shina la kidole gumba kuanza kubonyea, zinaonyesha kuwa neva inakufa polepole. Mgonjwa huyo apewe rufaa ya hospitali ya wilaya, na ikibidi KCMC mjini Moshi. Sindano ya dawa za jamii ya steroidi au upasuaji wa kuukata ule utepe huleta nafuu kubwa kwa wengi, lakini misuli iliyokwisha kukonda haiahidiwi kurudi. Anayengoja mpaka hapo kwa kuogopa kuitwa mvivu hupoteza mkono ambao angeweza kuuokoa kwa banzi na mapumziko.

Tuje kwenye chumba cha kazi. Mara nyingi meza ni ndefu, kiti ni cha plastiki na kifupi, kompyuta ni mpakato. Kiti kiinuliwe kwa mto au kanga iliyokunjwa mpaka kiwiko kiwe sawa na meza, kikikaribia pembe mraba. Miguu ikining'inia, iwekewe tofali. Vitabu vya MTUHA vilivyojaa, kabla ya kupelekwa kutunzwa, vinaweza kuiinua kompyuta mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, ila hapo kibodi na kipanya vya pembeni havina budi kununuliwa, vinginevyo tutakuwa tumeiponya shingo kwa kuviumiza vifundo. Kipanya kikae karibu na mwili. Kila baada ya dakika 20 au 30 mikono iachwe ilegee kwa dakika moja au mbili, na mtu asimame. Kuchukua simu na kuanza kuandika ujumbe si mapumziko.

Lakini kiti na meza havitasaidia sana kama kazi imepangwa vibaya. Taarifa za mwezi mzima zikirundikwa zikaingizwa kwa usiku mmoja, siku ya kuwasilisha ripoti ikiwa kesho, mkono hupokea kwa saa sita kilichopaswa kupokelewa kwa siku ishirini. Nusu saa ya kila siku, ikigawanywa kati ya watumishi wawili, huondoa usiku huo. Huo ni uamuzi wa mganga mfawidhi, haumhitaji mhandisi. Naye mtumishi, siku aliyoingiza taarifa nyingi, apalilie kesho yake kama mvua inamruhusu, au abadilishane kazi na wa nyumbani: yeye apande mbegu, mwingine ashike jembe.

Wengi hawasemi kwa sababu mkono wao hauna jeraha la kuonyesha, na picha ya eksirei hutoka safi. Viongozi wa vituo wajue kuwa eksirei haionyeshi neva wala kano, hivyo picha safi haimtuhumu mtu kwa uongo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri ayaangalie mazingira ya kazi, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi kitu. Ili dai lisimame, panahitajika maandishi ya mapema. Basi mhudumu anayempokea mwenzake mwenye ganzi aandike katika kadi yake tarehe dalili zilipoanza, vidole vinavyohusika, saa anazokaa kwenye kompyuta na saa anazoshika jembe, zote mbili, hata kama mgonjwa anaomba ile ya pili iachwe.