Damu isiyokatika baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: tiba yake na hukumu yake

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa maradhi na Muumba wa dawa zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo wengi hulionea haya. Haya ni katika imani, hilo halina shaka. Lakini haya inayomzuia mtu kuijua dini yake au kuyatibu maradhi yake siyo ile iliyosifiwa. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza mambo ya dini yao. Basi nasi tuingie katika maudhui yetu kwa adabu, bila ya kificho.

Mama mmoja ametuuliza swali ambalo tunaona ni la wengi. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo ili kupunguza uzito. Uzito ukapungua, na sukari iliyokuwa ikimsumbua ikatulia. Lakini hedhi yake, ambayo ada yake ni siku saba, sasa hutoka siku ishirini, tena kwa mabonge. Kizunguzungu humjia akisimama, na ngazi za nyumba yake hazipandi bila ya kupumzika. Siku zote hizo ishirini ameacha sala. Mumewe humnunulia dawa za maumivu katika duka la dawa la mtaani, wakidhani kuwa zitapunguza damu. Anauliza: tiba yake ni ipi, na sala yake ina hukumu gani?

Swali hili lina pande mbili, upande wa tabibu na upande wa faqihi. Hapana budi tuzitazame zote mbili, kwani mwili ni amana na sala ni nguzo.

Upasuaji wenyewe

Upasuaji huu si jambo jipya. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuunganisha tumbo na utumbo kwa lengo la kupunguza uzito mwaka 1966. Leo hufanywa kwa wingi katika nchi za Ghuba, na huduma hiyo imekwisha fika Nairobi na Dar es Salaam.

Aina mbili ndizo zilizoenea. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, likabaki kama mfereji mwembamba. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, kisha kukiunganisha na utumbo mwembamba mbele kidogo, chakula kikaruka tumbo kubwa na mwanzo wa utumbo. Mgonjwa na ajue ni ipi aliyofanyiwa, na karatasi zake azihifadhi, kwa sababu dawa inayomfaa hutegemea jambo hilo.

Kwa nini damu huzidi?

Mafuta ya mwili si mzigo mtupu. Nayo hutengeneza homoni ya kike iitwayo estrojeni. Mwanamke mwenye uzito mkubwa, hasa ambaye mayai yake hayapevuki kila mwezi, huweza kuwa na ukuta mnene wa ndani ya kizazi kwa sababu ya homoni hiyo kumzidi. Uzito unapoporomoka kwa haraka, mizani ya homoni hubadilika. Wanawake wengi hedhi zao hutengemaa baada ya upasuaji. Wengine huvurugika.

Hata hivyo, si sawa kuusingizia upasuaji kila tone la damu. Huenda pana uvimbe ndani ya kizazi, ugonjwa wa tezi ya shingo, kasoro ya damu kuganda, au dawa za kuyeyusha damu. Huenda ni mimba inayoharibika, maana uzazi mara nyingi hurudi kwa nguvu uzito unapopungua. Na huenda, tunamuomba Allah atuepushe, ni saratani ya ukuta wa kizazi, ambayo unene ni miongoni mwa mambo yanayoizidishia hatari.

Kwa hiyo vipimo hutangulia dawa. Navyo ni kipimo cha mimba, wingi wa damu, akiba ya chuma mwilini, na picha ya kizazi kwa ultrasaundi. Mwenye miaka 45 na zaidi, au aliyeishi na unene na hedhi za ovyo kwa muda mrefu, daktari huweza kumchukua kipande kidogo cha ukuta wa kizazi kikapimwe. Asikikimbie kipimo hicho.

Mlango wa kuingia na mlango wa kutoka

Hapa ndipo penye hatari ya mama huyu kuliko wanawake wengine. Madini ya chuma, ambayo ndiyo mtaji wa damu, hunyonywa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, tena kwa msaada wa asidi ya tumbo. Upasuaji umepunguza asidi hiyo, na ule wa aina ya pili umeliruka eneo lenyewe la kunyonya. Basi mlango wa chuma kuingia umebanwa, na mlango wa damu kutoka umefunguliwa. Nyumba ya namna hiyo haikawii kufilisika.

Shirika la Afya Duniani linamhesabu mwanamke asiye mjamzito kuwa ana upungufu wa damu ikiwa kipimo chake kiko chini ya gramu 12 kwa desilita. Miongozo ya madaktari wa upasuaji huu inamtaka mwanamke anayepata hedhi atumie miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku, zaidi ya ile inayomtosha mtu wa kawaida. Vidonge vya chuma visimezwe pamoja na vya kalsiamu. Viachanishwe kwa muda wa saa mbili au zaidi. Wala visisindikizwe na chai au kahawa, kwani huzuia chuma kunyonywa. Maji ya chungwa ni bora. Ikiwa vidonge havipandishi damu, si kwa uvivu wa mgonjwa. Huenda tumbo lake haliwezi tena kuvinyonya, na hapo dawa ya chuma hutiwa kwa mshipa.

Dawa za kupunguza damu

Kwanza tutahadharishe. Diklofenaki, ibuprofeni na asidi ya mefenamiki hutumika kwa maumivu ya hedhi, na baadhi yake hupunguza damu kidogo kwa wanawake wengine. Lakini aliyeunganishwa tumbo na utumbo hutakiwa kujiepusha nazo, kwani huweza kumletea kidonda pale palipoungwa, na kidonda hicho huweza kutoka damu au kutoboka. Aliyekatwa tumbo naye asizitumie bila ya idhini ya daktari wake. Basi yule mume mwema, kwa nia yake nzuri, huenda anamnunulia mkewe ugonjwa wa pili. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi.

Dawa ya pili ni asidi ya traneksamiki. Hii si homoni. Husaidia damu iliyoganda isiyeyuke upesi, na hutumiwa katika zile siku chache za damu nyingi tu. Haimfai aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, kwa hiyo huandikwa na daktari.

Tiba ya tatu ni kitanzi chenye homoni ya levonogestreli, kinachowekwa ndani ya kizazi. Hufanya kazi mahali pale pale, hakipiti tumboni, basi upasuaji haukipunguzii nguvu. Miongozo mingi inakitanguliza katika tiba ya damu nyingi isiyotokana na uvimbe mkubwa. Vitanzi visivyokuwa na homoni, vile vya shaba, huweza kuzidisha damu. Wasichanganye.

Vidonge vya majira navyo hupunguza damu, lakini kwa aliyeunganishwa tumbo na utumbo inahofiwa kuwa havinyonywi sawasawa, hivyo huenda visimtibu wala visimkinge na mimba. Na kinga ina umuhimu wake, maana madaktari hushauri mimba icheleweshwe mwaka mmoja au mmoja na nusu baada ya upasuaji.

Mwisho ni upasuaji. Kuondoa uvimbe peke yake, kuunguza ukuta wa kizazi kwa asiyetaka tena kuzaa, au kukitoa kizazi chenyewe pale njia nyingine zinaposhindikana.

Ama anayelowesha pedi moja kila saa kwa saa mbili mfululizo, au anayezimia, au moyo unaomwenda mbio hali amekaa, huyo asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Hukumu ya sheria

Katika zama za Mtume (S.A.W.), Fatima binti Abi Hubaish (R.A.) alikuja kulalamika kuwa damu haimkatiki, akauliza kama aache sala. Mtume (S.A.W.) akamjulisha kuwa hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi, na kwamba aache sala kwa kadiri ya siku za hedhi yake, kisha ajisafishe na asali. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha (R.A.). Damu hiyo ndiyo iitwayo istihadha.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, hedhi haizidi siku 15. Kwa Imamu Abu Hanifa, haizidi 10. Mama wetu damu yake imevuka mipaka yote miwili. Ikiwa hawezi kuipambanua damu ya hedhi kwa rangi na uzito wake, hurejea katika ada yake, yaani siku saba ni hedhi na 13 zilizobaki ni istihadha. Mwezi wa kwanza, kwa mujibu wa Shafii, hungoja hadi siku ya 15 ipite, kisha hulipa sala tangu siku ya nane. Miezi inayofuata hukoga baada ya siku saba na husali. Sala alizoziacha katika siku za istihadha ni deni, na siku 13 ni sala 65 kwa kila mwezi. Azilipe kidogo kidogo kadiri ya nguvu zake, wala asikate tamaa.

Namna ya kusali ni nyepesi. Ajisafishe, avae pedi, atie udhu baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, kisha asali hata kama damu inatoka. Akishindwa kusimama kwa kizunguzungu, asali kwa kukaa. Saumu yake ni sahihi, na akiidhoofisha afya yake ana ruhusa ya mgonjwa. Mumewe si haramu kwake, kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Kitanzi huweza kuleta matone katika miezi ya mwanzo. Basi aandike tarehe katika daftari, ampelekee mwalimu anayejua fiqhi ya wanawake.

Je, kitanzi kinajuzu? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, liliruhusu uzuiaji wa mimba wa muda kwa haja ya kisheria, kwa mashauriano na maridhiano ya mume na mke na bila ya madhara, likakataza kuung'oa uwezo wa kuzaa isipokuwa kwa dharura. Hapa kitanzi ni dawa kabla ya kuwa kinga. Nako kukitoa kizazi kwa dharura iliyothibitishwa na tabibu mwaminifu ni katika kuinusuru nafsi. Daktari mwanamke atangulizwe. Asipopatikana, mwanamume huruhusiwa kutazama kwa kadiri ya haja, akiwepo mume au mahram.

Enyi waume

Tunamalizia kwenu. Mke anayelala mchana na kuhema akifagia si mvivu, huenda damu yake imekwisha. Nauli ya hospitali, vipimo na vidonge vya chuma ni katika wema mlioamrishwa kuwafanyia. Muulizeni kabla hajaanguka, kwani wengi wao huona haya kuanza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape wepesi mama zetu na dada zetu, na azikubali sala zao. Amin.