Ukarabati wa Klabu ya Chuo Kikuu Uanzie Wapi?

Klabu ya chuo kikuu, yaani ukumbi wa jumuiya ambamo wahadhiri, watumishi na wageni wao hukutana baada ya kazi kwa chakula na mazungumzo, huhesabiwa na wengi kuwa anasa, na ndiyo maana zamu yake ya kukarabatiwa inapofika fedha chache zilizopo huishia kwenye rangi, viti na televisheni kubwa. Huko ni kuanzia mwisho. Klabu imewekwa ili mwanasheria na mhandisi, ambao kutwa nzima hawaonani, wapate kubishana kwa utulivu, hivyo mpango wowote upimwe kwanza kwa mazungumzo hayo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970, kimejengwa juu ya kilima, mahali ambapo kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi na kusi hushika zamu kuanzia Aprili. Katika mazingira kama hayo, anayeziba baraza kwa vioo ili afunge kiyoyozi huufukuza upepo wa bure, huufungia mwangwi ndani na kuiongezea klabu bili ya umeme isiyokwisha.

Maji nayo yatangulie mapambo. Paa la mita 200 za mraba hukinga takriban lita 200 kwa kila milimita moja ya mvua, kwa hiyo mvua ya milimita 25 hulijaza simtanki la lita 5,000, akiba inayotosha kuviweka vyoo katika hali ya usafi siku bomba linapokauka, ilimradi mifereji ya paa izibuliwe mapema.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kuyafikia majengo ya umma, na hapa hesabu haina huruma: kwa uwiano unaotumika sana wa 1 kwa 12, kibaraza cha sentimita 50 kinahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa mita 6, ambayo haipatikani tena bustani ikishajengewa vibanda. Mpishi na mhudumu waketi kwenye kamati inayochora ramani, kwa kuwa wao ndio wanaojua moshi wa jiko unaelekea wapi na sinki lipi huziba. Kazi ya paa imalizike kabla ya Machi, masika yasije yakakuta dari wazi.