Dengu si ndengu: angalieni punje kabla ya kupakia

Mfanyabiashara wa Shinyanga akipigiwa simu kwamba Nairobi wanataka ndengu, asiharakishe kushona magunia ya dengu. Mnunuzi wa Kenya akitaja ndengu anakusudia choroko, na huko Mombasa choroko hiyo hiyo huitwa pojo. Dengu ya Shinyanga, Mwanza na Simiyu, inayostawi kwenye udongo mweusi wa mbugani kwa unyevu uliobaki baada ya mvua, ni zao jingine kabisa, nalo ndilo Wahindi huliita chana. Lori likishavuka mpaka na mzigo usioagizwa, mwenye mali hulazimika kuuza kwa bei ya kutupa au kulipia safari ya kurudi.

Punje yenyewe haidanganyi. Choroko ni ndogo, ya kijani, yenye kitovu cheupe kifupi. Dengu ina mikunjo na ncha iliyochongoka mithili ya mdomo wa ndege. Hata aliye mgeni sokoni akiishika hatakosea. Kunde hutambulika kwa jicho, yaani duara jeusi au la kahawia linalozunguka kitovu. Njugu mawe ni ya mviringo, ngumu, na huchimbwa ardhini kama karanga. Hapo pia pana mtego, kwa kuwa Mkenya akisema njugu tu, mara nyingi anataka karanga.

Ngwara ya Arusha na Manyara haina shida ya kutambulika: ni nyeusi, na ubavuni ina mstari mweupe ulioinuka. Wakulima wengi wa kaskazini huilima kwa ajili ya soko la Kenya, ambako Wakikuyu huiita njahi na kuwapikia akina mama waliojifungua. Shida iko kwenye jina fiwi. Wengine huita ngwara fiwi, wengine jina hilo hulipa lile haragwe bapa, pana, ambalo baadhi ya aina zake, hasa zenye rangi, zina sumu zisipochemshwa vizuri. Anayeuziwa fiwi bila kuoneshwa sampuli ananunua kwa kubahatisha.

Majina ya nje nayo yana thamani yake. Mbaazi ni mbaazi Lindi, Mtwara, Babati na hata Kenya, lakini India, mnunuzi wake mkubwa, huiita tur. Mwezi Agosti 2017 India iliwekea tur ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka, na Desemba ikaitoza chana ya kutoka nje ushuru wa asilimia 30. Bei ya mbaazi Tanzania iliporomoka, na aliyekuwa amejaza ghala akaumia. Milango ya tur ilifunguliwa tena mwaka 2021. Aliyesikia habari ya tur redioni bila kujua kwamba ni mbaazi zake zilizosemwa, alikuja kuipata kwa dalali, ikiwa imekwisha kuingia kwenye bei.

Kwa agizo la mbali, tumeni kwanza sampuli ya nusu kilo, na kwenye hati andikeni jina la huku na la huko, rangi ya punje na kama zimebunguliwa. Fukusi huipenda sana choroko na kunde, na tundu moja tu kwenye punje linatosha kumpa mnunuzi sababu ya kushusha bei.