Kurudi Uwanjani Baada ya Upasuaji wa Uvimbe Mguuni

Wachezaji wengi wakiona kidonda kimefunga hudhani wamepona na wanaweza kurudi uwanjani. Lakini ngozi hupona mapema kuliko mfupa. Daktari akishakwangua uvimbe uliokuwa ndani ya mfupa, hubaki shimo ambalo huchukua miezi kujaa mfupa mpya. Kuruka au kugongana kabla ya hapo kunaweza kuuvunja.

Ndiyo maana daktari huangalia kwanza picha ya eksirei kabla ya kutoa ruhusa ya kucheza. Wakati huo wote, mtaalamu wa fiziotherapia humsaidia mgonjwa kuimarisha misuli ya paja na kukunja goti. Hatua hufuatana: kutembea bila magongo wala kuchechemea, kisha kuogelea au kuendesha baiskeli, halafu kukimbia polepole, na mwisho kandanda au voliboli.

Aliyewekewa goti la chuma kwa kawaida hushauriwa kuacha michezo ya kukimbia na kuruka, kwani chuma hicho kinaweza kulegea. Kuogelea na baiskeli humfaa zaidi.

Baadhi ya uvimbe hurudi, hivyo mgonjwa asikose kliniki hata akihisi ana nguvu. Maumivu ya usiku, mguu kuvimba tena, homa au kidonda kutoa usaha ni sababu ya kwenda hospitalini mara moja.

Wazazi, walimu na makocha wanahimizwa wasimharakishe mtoto kwa sababu ya mashindano ya shule.